Transfoma Namba Mbili Isizimwe

“Nilipewa wahandisi kumi na wawili, Mzee Sirili. Humu ndani nahesabu vichwa vinane. Wanne umewameza?”

“Wako kazini. Wanapanga mapipa ya mafuta uani. Kazi, mama. Unaikumbuka kazi?”

“Kazi yao wiki hii ni kukaa kwenye viti hivi wanisikilize.”

“Wakusikilize unavyowaambia jua limenuna?”

Wale wanane waliobaki wakainamia madaftari yao, mabega yakitikisika. Kicheko cha kujificha ndicho kibaya kuliko vyote. Cha wazi utakijibu. Hiki unakimeza tu kama dawa ya minyoo.

Ndivyo ilivyoanza Jumanne hiyo, mwishoni mwa Oktoba 2003, katika kituo cha kupozea umeme nje kidogo ya mji wa Moshi. Sirili, mkuu wa kituo, Mrombo kutoka mji wa Mkuu, alisimama mlangoni pa darasa na kofia ngumu kichwani kana kwamba dari ingemwangukia. Dominika, mkufunzi, alikuwa ubaoni, na chaki aliyoishika ilikuwa imeshakatika vipande.

Huyu Dominika, tuseme ukweli, hakuzaliwa na ulimi wa asali. Alizaliwa Uru, juu kwenye migomba, binti wa Martin aliyekuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaochukua maji mtoni kule msituni na kuyateremsha toka kihamba, shamba la migomba la ukoo, hadi kihamba. Mtoto wa msimamizi wa maji hujifunza mapema kugombana na watu wazima. Huyu kaiba zamu, yule kamzibia jirani lango, na baba anamtuma binti akaseme nao. Masista wakamsomesha, akapenda hesabu, akaenda chuo cha ufundi akawa msichana pekee darasani. Alipoajiriwa kwenye shirika la umeme, fundi mkuu wake wa kwanza alimpa kazi ya kuchemsha chai. Akaichemsha kwa chumvi. Hakutumwa tena.

Akaolewa, akazaa watatu. Akapita miaka ya mgao akitukanwa barabarani na watu waliodhani umeme yeye ndiye anayeukalia, huku kahawa ya baba yake ikishuka bei hadi wazee wakaanza kuing'oa wapande nyanya. Kisha shirika likampeleka masomoni Ulaya, huko kwenye barafu, akarudi na somo ambalo hakuna aliyeliomba: dhoruba za jua na jinsi zinavyoumiza mitambo ya umeme. Dar es Salaam walimcheka. Mbeya walisinzia. Moshi ni nyumbani, na nabii akiwa kwao, mnajua wenyewe.

Somo lenyewe halina uganga. Jua, aliwaambia wale wanane, huwa linapasuka. Likipasuka hurusha upepo wa moto wenye sumaku ndani yake. Upepo huo ukitufikia huitikisa sumaku ya dunia, ileile inayogeuza mshale wa dira, na sumaku ikitikisika, umeme unaamka ardhini na kutafuta njia. Njia tamu kuliko zote ni laini kubwa inayokwenda mkoa hadi mkoa. Mlango wa kuingilia ni waya wa ethi, ule unaoifunga transfoma na udongo. Umeme wetu wa kila siku huenda na kurudi, huenda na kurudi, na chuma cha transfoma kimeuzoea. Huu mwingine huja polepole na kukaa upande mmoja, kama shemeji aliyekuja kusalimia na begi la nguo. Chuma kinashiba, kinanguruma, kinapata joto, na mafuta yanayokipoza yanaanza kuchemka.

“Mwaka themanini na tisa, huko Kanada, jimbo zima lilizimika kabla mtu hajamaliza kikombe cha chai,” alisema.

“Lakini Kanada ni kwenye barafu, injinia,” akasema Primus, mhandisi mwenye kipara kutoka Kilema. “Sisi tuko jirani na ikweta. Jua letu ni la kuanikia kahawa.”

Wakacheka, safari hii bila kujificha.

“Kwetu hupiga kidogo,” Dominika akakubali. “Sikudanganyi. Ila laini yetu ni ndefu, na transfoma namba moja ni bibi kizee. Bibi kizee humpigi hata kidogo.”

Hapo ndipo penye ugomvi. Uani pale zilisimama transfoma mbili kubwa, bega kwa bega, zimebeba mji wa Moshi, hospitali zake, viwanda vya kahawa, na vijiji vya mlimani vilivyobahatika kufikiwa na nguzo. Sirili alikuwa amepanga kuizima namba mbili Jumatano asubuhi ili mafuta yake yatolewe na kuchujwa. Mafundi walishafika kutoka Tanga na lori lenye mtambo wa kuchujia, na wale wahandisi wanne aliwachukua wakawasaidie. Namba mbili ikizimwa, mzigo wote unamwangukia bibi kizee. Siku ya kawaida angeubeba. Ameshaubeba mara nyingi. Kwa hiyo Dominika hakugombania transfoma asubuhi ile. Aligombania wanafunzi wake tu, akashindwa, akaendelea kufundisha viti vitupu.

Mchana, wameshakula, wanapigana na usingizi, msimamizi wa mafundi wa Tanga akachungulia dirishani. Hussein jina lake, mtu mfupi mwenye ndevu za mvi. Ramadhani ilikuwa imeanza wiki hiyohiyo, na midomo yake ilikuwa mikavu.

“Samahani, walimu. Kuna anayejua redio kolu hapa? Ya kwenye lori imekufa ghafla. Nilikuwa naongea na Tanga vizuri kabisa, naambiwa mwanangu ana homa, katikati ya neno ikanyamaza. Haikoromi, haipigi miluzi. Kimya.”

“Betri,” akasema Primus.

“Nimeshabadilisha, kaka yangu.”

Dominika akaweka chaki chini. Redio zile huongea kwa mawimbi yanayodunda angani na kurudi, na yeye alijua ni kitu gani huyameza mchana kweupe bila wingu. Akatoka uani, akatazama juu akikinga macho kwa kiganja. Jua lilikuwa jua tu. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu yake ya kila siku.

Akawaachia wanane wake hesabu za kufanya, akapanda pikipiki ya mlinzi hadi mjini, kwenye intaneti kafe ya Shani binti Sadallah, karibu na stendi. Kompyuta nne, tatu mbovu.

“Dada, leo iko polepole,” Shani alimwonya.

“Mimi sina haraka,” alisema Dominika, na uongo huo Mungu amsamehe.

Picha ya jua ilifunguka ukanda kwa ukanda, kuanzia juu, kama mtu anayevua nguo kwa aibu. Ilipofika katikati, aliona mlipuko, mweupe, umeelekea kwetu moja kwa moja. Wataalamu walikuwa wameandika kwamba ni mmoja wa mikubwa waliyowahi kuiona, na upepo wake ungefika duniani ndani ya siku moja, labda pungufu. Saa gani, hawakusema. Hawakujua.

Alirudi kituoni mbio. Sirili alikuwa anavua viatu vya kazi.

“Usiizime namba mbili kesho, mzee wangu. Nakuomba.”

“Umekwenda kuzungumza nalo hilo jua?”

“Nimeona picha yake.”

“Na mimi nimeona picha ya mafundi wa Tanga wamekaa bure, shirika linawalipa. Nenda kapumzike, mama. Kesho saa mbili nazima.”

Alipofika kwa mama yake Uru alisukuma sahani ya machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, bila kuigusa. Alijua hesabu mbaya kuliko zote. Mafuta ya namba mbili yakishatolewa, hata aje malaika, transfoma hairudi kazini kabla ya jua kuzama. Ikipigwa namba moja ikiwa peke yake na ikaungua, nchi haikuwa na nyingine ya akiba. Ingeagizwa ng'ambo, na mlima wote ungekaa gizani miezi mingi, na chumba cha upasuaji hospitalini nacho.

Na kama jua likikaa kimya? Basi yeye ndiye atakayekuwa hadithi ya kila kilabu, kuanzia Bomang'ombe hadi Kahe.

Jumatano kabla ya saa mbili alikuwa uani, na wale wanane nyuma yake. Alikuwa ameifunga mita yake kwenye waya wa ethi wa namba moja. Sirili alikuja na kufuli jekundu, lile linalofungwa kwenye mkono wa swichi ili mtu asije akawasha transfoma wenzake wakiwa ndani.

“Ondoa watu wako, mwalimu.”

“Kwanza nikuulize kitu. Kwenu mna mfongo? Maana tunasikia Rombo maji mnayasikia redioni.”

Watu wakashika vinywa. Uso wa Sirili ukaiva. “Yetu ni machache, ndiyo maana tunajua kuyatunza. Nyie wa Uru mnaoga nayo mara mbili.”

“Vizuri. Basi mvua kubwa ikinyesha msituni, mfongo ukafurika, na jirani yako wa juu akafunga lango lake ili aokoe migomba yake. Inakuwaje?”

“Maji yote yananishukia mimi.”

“Na kingo za mfongo?”

“Zinapasuka. Kila mtoto anajua hayo.”

“Kwa hiyo siku ya maji makubwa desturi inasemaje?”

Sirili aliona anakopelekwa, na hakuna mzee anayependa kuvutwa kwa kamba ya kwao. “Malango yote wazi,” akasema mwishowe. “Kila kihamba kinywe kidogo.”

“Na wewe umekuja na kufuli ufunge lango la namba mbili.”

Sirili akageuza kufuli mkononi. Mafundi wa Tanga walikuwa wamesogea kusikiliza.

“Mpaka chai ya saa nne,” akasema. “Sindano ya mita yako isipocheza, nafunga, na sitaki kusikia neno. Na ujue, anayechelewesha msaragambo anatozwa debe la mbege. Kazi ya wote haimsubiri mtu mmoja.”

“Hata kwetu. Nitozeni.”

“Pombe ya nini sasa, na mwezi huu mtukufu?” Hussein akaingilia kwa hasira. “Chai yenyewe hainihusu. Wanaosubirishwa ni vijana wangu, tena wamefunga. Tulitaka kumaliza upesi, tufuturu na watoto wetu. Mimi nina mgonjwa nyumbani. Ukituweka hapa, dada, utatufuturisha wewe.”

“Basi nadaiwa futari.”

“Umesema mbele ya watu.”

“Nimesema.”

Wakasubiri. Transfoma zilivuma ule mvumo wao wa nyuki, na sindano ya mita ililala kama imekunywa. Mafundi walijinyoosha chini ya lori. Mwanzo wahandisi walisimama kwa heshima, wakachoka, wakachuchumaa. Mmoja akauliza kama jua limepotea njia. Mwingine akasema labda limepanda basi la Arusha, likifika Bomang'ombe litashuka kununua karanga. Dominika hakugeuka. Shingo ilimuuma. Mkono wa Sirili ulitoka mfukoni na kufuli, ukarudi, ukatoka tena. Kila alipotazama saa yake, aliitazama kwa namna ya kumfanya kila mtu aone.

Saa tatu ilikuwa imepita kidogo sindano ilipotikisika.

“Upepo,” akasema Sirili.

“Upepo hausukumi sindano iliyo ndani ya kioo.”

Ikatikisika tena, ikapanda hadi ampea tatu, ikasita, ikafika tano. Wahandisi wakainuka wote kwa pamoja, wakagongana.

“Tano!” Sirili akacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa chembamba. “Pasi ya mke wangu inakula hiyo.”

“Pasi ya mke wako umeme wake unakwenda na kurudi. Huu umekaa. Nyamazeni msikilize.”

Wakanyamaza. Ule mvumo wa nyuki ulikuwa umebadilika. Namba moja ilinguruma kwa kifua, kama lori lililojaa ndizi linapopanda kona za Uru. Namba mbili ikaitikia, chini kidogo. Primus alikimbilia kwenye kipimo cha joto la mafuta na kusoma kwa sauti. Baada ya muda akasoma tena, na namba ilikuwa imepanda. Sindano ikashuka hadi sifuri. Watu wakapumua. Halafu ikaangukia upande wa pili, ikapita tano, ikapita saba, ikagusa tisa, na ngurumo ikawa nzito hadi kokoto zilizotandazwa uani zikawa zinanong'ona. Hussein alitoka chini ya lori na ovaroli yake ya kazi imejaa vumbi, midomo ikisoma dua.

“Hapo zinagawana,” Dominika alisema. “Malango mawili yako wazi.”

Walisimama vile hadi chai ya saa nne ikapoa kwenye birika. Sindano ilipanda na kushuka, na kila ilipopanda hakuna aliyefanya mzaha. Mjini taa hazikupepesa hata kidogo. Mama wa nyumba aliyekuwa anapiga pasi mitaa ya chini aliendelea kupiga pasi. Ndivyo ilivyo kazi hii. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba umefanya kitu.

Ni Primus aliyeuliza swali ambalo wote walikuwa nalo. “Injinia, tungeizima namba mbili, hii moja ingeungua?”

Kumi na wawili wakamtazama, maana wale wanne nao walikuwa wameshaacha mapipa yao. Sirili akamtazama. Hapo angeweza kusema ndiyo, na nani angembishia? Jina lake lingetangazwa hadi Dar es Salaam.

“Sijui,” alisema Dominika.

“Hujui?” Sirili akakunja uso.

“Labda ingenguruma ikanyamaza. Labda tungekuwa tunawasha vibatari hadi mwakani. Sijui, na hapa hakuna anayejua. Ndiyo maana sitaki tujaribu.”

Sirili akalitia kufuli mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko.

“Mpaka lini?”

“Mpaka sumaku itulie. Siku mbili, labda tatu.”

“Tatu!” Hussein akapiga kelele. “Hiyo si futari tena, dada, hiyo ni harusi!”

Lakini hakulitoa lori. Redio kolu ilipopata sauti alipiga Tanga, akaambiwa homa ya mtoto imeshuka, akarudi na uso wa mtu wa kusemeka naye. Alhamisi jioni namba moja ilinguruma tena, kwa muda mfupi, na safari hii Sirili mwenyewe ndiye aliyeshika tochi mbele ya mita. Darasani viti vilijaa vyote kumi na viwili, na kwenye cha kumi na tatu, nyuma kabisa, alikaa yeye na kofia yake ngumu, akiuliza maswali ya kuchokonoa. Kwa nini tusiweke kizuizi kwenye waya wa ethi? Kinagharimu nini? Nani atatupigia simu jua likipasuka siku ya Jumapili? Dominika alijibu aliyoyajua. Mengine aliyaandika ubaoni, wayatafute pamoja. Asante hakusema Sirili, na mwenye kuingoja angezeekea pale.

Jumamosi asubuhi mita ililala, ikalala kweli. Namba mbili ikazimwa, kufuli likafungwa, na mafuta yakaanza kupita kwenye mtambo wa Tanga, yakiingia meusi na kutoka na rangi ya asali.

Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Dominika alitoka Misa ya kwanza akaingia jikoni kwa mama yake, Theopista, akaanza kumenya ndizi.

“Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mwanangu unawapikia Waislamu,” alisema Theopista.

“Nadaiwa, mama.”

“Sijakukataza. Nasema tu. Na kuku wapeleke wazima, wachinje wenyewe. Usije ukawaharibia funga yao kwa kisu changu.”

Kwa hiyo alasiri, Primus alipopita kumchukua na gari la kazi, alimkuta mkufunzi wake na sufuria ya ndizi inayotosha sherehe ya kipaimara, na kuku wanne wamefungwa miguu, wanamlaani. Hussein aliwachinja nyuma ya lori akielekea kibla. Dominika akapika palepale, nje ya uzio, kwenye mafiga ya matofali, na Sirili, aliyekuja kukagua kazi, alijikuta anapuliza moto na macho yanamtoka machozi.

Adhana ilipopanda kutoka mjini, mafundi walifungua kwa tende na maji, wakaswali, wakarudi kwenye jamvi. Hussein alitia tonge la ndizi kinywani, akasita.

“Dada. Hii haina nazi?”

“Mnazi hauoti Uru. Kula.”

Akala. Akasogeza sahani iongezwe, akala tena, na vijana wake hawakusema neno, walikuwa na kazi.

“Ulisema futari moja, ukatuweka siku tatu,” Hussein alisema alipomaliza, akinawa mikono. “Kwa haki nakudai mbili.”

“Nalijua hilo. Kesho nitaleta nyingine.”

“Kesho tunaondoka alfajiri.” Akafuta ndevu kwa kiganja, akaitazama namba mbili, iliyofunguliwa kufuli jioni ile na sasa inavuma tena kando ya mwenzake. “Hizo mbili nimesamehe.”